Magazini za Bastola za Safu Mbili: Zinavyoingiliana, Zinavyopatikana na Sheria Zinavyozitazama

Bastola inapoombewa leseni, inapokaguliwa au inapokamatwa, kinachoandikwa kwanza ni aina yake, nchi ilikotengenezwa na namba iliyogongwa kwenye chuma chake. Magazini, yaani kasha dogo la risasi linaloingizwa ndani ya mpini, mara nyingi hutajwa kwa idadi tu, kwa kuwa kwa kawaida haina namba yake yenyewe. Hata hivyo, ndiyo sehemu ya bastola inayochakaa mapema, inayopotea kwa urahisi na inayonunuliwa upya mara nyingi kuliko nyingine. Katika nchi kadhaa ndiyo pia inayoweza kumfanya mmiliki halali ajikute ametenda kosa.

Makala haya yanaeleza jinsi magazini za bastola za safu mbili zinavyofanya kazi, kwa nini magazini ya bastola moja huingia au hugoma kuingia katika nyingine, zinavyopatikana kiwanda kinapofunga uzalishaji, na mipaka ambayo sheria za nchi mbalimbali zimeiweka. Mfano mkuu ni bastola ya Browning Hi-Power. Jina la Browning si geni kwa wanaofuatilia taarifa za polisi nchini Tanzania, na historia ya bastola hiyo inaonesha suala hili kwa ukamilifu kuliko nyingine yoyote.

Safu mbili ni nini

Katika bastola nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20, risasi zilipangwa kwenye magazini moja juu ya nyingine kwa mstari mmoja ulionyooka. Bastola ya Marekani ya mwaka 1911 ilibeba risasi 7. Tokarev ya Kisovieti na Walther P38 ya Ujerumani zilibeba 8. Kuongeza idadi kulimaanisha kurefusha mpini, na mpini una kikomo chake, kwani lazima uenee mkononi.

Ufumbuzi uliofanikiwa ulipatikana Herstal, nchini Ubelgiji, katika kiwanda cha FN. Jeshi la Ufaransa lilikuwa likitafuta bastola yenye risasi nyingi zaidi, na mbunifu Dieudonné Saive alitengeneza magazini ambayo risasi zake hulala katika safu mbili zinazopishana, mfano wa matofali ukutani, kisha safu hizo huungana kuwa moja karibu na mdomo ili risasi zitoke moja baada ya nyingine. Mmarekani John Moses Browning, aliyekuwa akishirikiana na kiwanda hicho, alianza kubuni bastola ya kuipokea, lakini alifariki dunia nchini Ubelgiji mwaka 1926 kabla haijakamilika. Saive aliikamilisha, na jeshi la Ubelgiji likaipokea mwaka 1935. Ndiyo maana huitwa pia GP35. Magazini yake ilibeba risasi 13 za milimita 9.

Ni vyema kuzingatia mpangilio huo: magazini ilitangulia, bastola ikajengwa kuizunguka. Umbo la magazini, pembe yake, mahali lilipo pengo la kishikizo na umbali wa midomo yake kutoka kwenye chemba ndivyo vilivyoamua vipimo vya mpini. Bastola mbili zinaweza kutumia risasi ileile, zikabeba idadi ileile na hata kufanana kwa sura, na bado magazini ya moja isiweze kushikika ndani ya nyingine. Tofauti ya milimita moja au mbili mahali pa kishikizo inatosha. Magazini itaingia, italegea, na risasi itafika kwenye chemba ikiwa imeinama au isifike kabisa.

Bastola moja, viwanda vingi

Ujerumani ilipoikalia Ubelgiji mwaka 1940, kiwanda cha Herstal kiliendelea kuitengeneza bastola hiyo kwa ajili ya majeshi ya Ujerumani. Upande wa pili wa vita, kampuni ya John Inglis ya Toronto, nchini Kanada, iliizalisha mwaka 1944 na 1945, ikatoa zaidi ya 150,000. Baada ya vita ilitengenezwa pia India, Ajentina na, kwa bara la Afrika, Nigeria. Majeshi ya nchi zaidi ya 50 yaliitumia. Kwa kuwa Ubelgiji iliitawala Kongo hadi mwaka 1960, na Rwanda na Burundi hadi mwaka 1962, silaha za FN zilifika mapema katika ukanda wa Maziwa Makuu.

Kwa sehemu kubwa, magazini za viwanda hivyo ziliingiliana, kwa sababu michoro ilikuwa ileile au ilitokana na ileile. Katika vita vya visiwa vya Falkland mwaka 1982, wanajeshi wa Uingereza na wa Ajentina walikabiliana wakiwa na bastola ya muundo mmoja viunoni mwao, wa kwanza zikitoka Ubelgiji na wa pili nyingi zikiwa zimetengenezwa kwao kwa leseni. Mwingiliano wa aina hiyo ni nadra, na uliwafanya wasimamizi wa maghala ya silaha duniani kote wazoee kuamini kwamba magazini ya Hi-Power haitakosekana.

Hata ndani ya ukoo huo kulikuwa na tofauti. FN ilipotoa toleo la risasi kubwa zaidi ya kipenyo cha inchi 0.40 katika miaka ya 1990, magazini yake ilibeba risasi 10 na haikuwa mbadala wa ile ya milimita 9. Baadhi ya magazini za baadaye ziliongezewa springi ndogo kwenye kitako ili ziruke nje kitufe kinapobonyezwa, kwa kuwa za awali zilikuwa na tabia ya kung'ang'ania ndani na kuhitaji kuvutwa kwa mkono. Mtu anayechanganya magazini za aina hizo mbili atadhani moja ni mbovu, kumbe zote ni nzima.

Kiwanda kinapofunga

Mwaka 2018 ilithibitika kwamba FN imeacha kuitengeneza Hi-Power baada ya zaidi ya miaka 80. Jeshi la Uingereza lilikuwa limekwisha kutangaza mwaka 2013 kuibadilisha kwa Glock 17, ambayo hubeba risasi 17. Kanada iliendelea kutumia bastola zilezile za Toronto kwa zaidi ya miaka 70 kabla ya kuanza kuziondoa. Katika muda wote huo, vyuma vikuu vya bastola vilidumu. Vilivyohitaji kubadilishwa ni springi na magazini.

Hapa ndipo suala la upatikanaji linapokuwa na uzito kwa mmiliki mmoja na kwa taasisi pia. Bastola iliyotunzwa hudumu kwa miongo, ilhali magazini ina springi inayochoshwa na kubanwa na kuachiwa mara kwa mara, midomo ya chuma chembamba inayopinda ikianguka sakafuni, na kuta zinazoshika kutu katika hali ya hewa ya pwani. Bastola nzima isiyo na magazini inayofaa haina matumizi yaliyokusudiwa, lakini bado ni silaha ambayo mmiliki anawajibika nayo kisheria kila siku.

Pengo lililoachwa na FN lilizibwa kwa sehemu na Mec-Gar, kampuni ya Italia inayotengeneza magazini kwa ajili ya viwanda vingi vya bastola. Kampuni hiyo iliendelea kutoa magazini za Hi-Power za risasi 13, na nyingine za risasi 15 zenye urefu uleule. Kisha mwaka 2021 kampuni ya Springfield Armory ya Marekani ilitoa SA-35, bastola inayofuata muundo wa Hi-Power na kupokea magazini zake. Girsan ya Uturuki nayo ilitoa MCP35 katika mkondo huohuo. Kwa mwenye Browning ya zamani hizo zilikuwa habari njema, kwani bastola mpya sokoni maana yake ni magazini mpya sokoni.

Mwaka 2022 FN yenyewe ilirudi na bastola iliyoipa jina lilelile, High Power, yenye magazini ya risasi 17. Kwa sura inafanana na ya zamani, na imechongwa jina la kiwanda kilekile kilichoanza kazi hiyo. Lakini magazini zake hazifanyi kazi katika Hi-Power ya zamani, wala za zamani hazifanyi kazi ndani yake. Ni bastola nyingine kabisa iliyovishwa jina la kurithi. Mnunuzi anayeongozwa na jina atapoteza fedha zake, wakati ambapo bastola ya Uturuki isiyo na jina la Browning hata mahali pamoja ingempatia magazini inayomfaa.

Magazini ikitolewa, je, bastola imekuwa salama?

Kuna tofauti moja kati ya bastola hizi ambayo uzito wake unazidi suala la fedha. Hi-Power ya FN iliundwa ikiwa na kizuizi kinachounganisha magazini na kifyatulio: magazini ikitolewa, kifyatulio hakifanyi kazi, hata kama risasi imebaki kwenye chemba. Sharti hilo lilitokana na matakwa ya Ufaransa ya miaka ya 1920. Watu waliofunzwa kwa bastola hiyo walizoea kwamba bastola bila magazini haifyatuki.

SA-35 haina kizuizi hicho. Glock haina pia. Bastola mbili zinazofanana kama mapacha na zinazotumia magazini ileile zinaweza kulala kwenye meza moja, magazini zote mbili zikiwa zimetolewa, moja ikiwa na uwezo wa kuua na nyingine haina. Aidha, wapo wamiliki wa Hi-Power ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiwapa mafundi waondoe kizuizi hicho ili kifyatulio kiwe chepesi, na kazi hiyo haionekani kwa nje. Bastola iliyopita mikono miwili au mitatu inaweza kuwa imeondolewa bila mmiliki wa sasa kufahamu.

Kwa sababu hiyo, wakufunzi wa silaha hawaruhusu kutolewa kwa magazini kuhesabiwe kuwa ni kuondoa risasi. Magazini hutolewa kwanza, kisha sehemu ya juu ya bastola huvutwa nyuma, na chemba hutazamwa kwa macho. Mpangilio huo haubadilishwi: chemba ikisafishwa kabla magazini haijatolewa, risasi nyingine hupanda kutoka kwenye magazini na kuijaza tena.

Koo nyingine za bastola

Glock ya Austria, iliyoingia katika jeshi la nchi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, imefuata kanuni tofauti. Matoleo yake ya milimita 9 yenye safu mbili yana upana uleule wa mpini ila urefu unatofautiana. Kwa hiyo magazini ndefu ya Glock 17 huingia katika Glock 19, ambayo magazini yake ya kawaida ni ya risasi 15, na katika Glock 26 ya risasi 10, ikichomoza kwa chini. Kinyume chake hakiwezekani, kwani magazini fupi haifiki kwenye kishikizo cha mpini mrefu. Toleo la nne lilileta kitufe kinachoweza kuhamishiwa upande wa kulia, na magazini zake zikachongwa pengo pande zote mbili. Magazini za zamani zenye pengo upande mmoja hufanya kazi katika bastola hiyo ilimradi kitufe kibaki upande wake wa asili.

Wasomaji wa magazeti ya Kenya wanalifahamu zaidi jina la Ceska. Hilo si jina la bastola moja, bali ni la kiwanda cha Cheki chenye matoleo mengi. CZ 75, iliyobuniwa katika miaka ya 1970, imeigwa Italia, Israeli, Uturuki na Uchina, na kila mwigaji alirekebisha kidogo hapa na pale. CZ P-10 ya kiwanda hichohicho ni ukoo mwingine wenye magazini zake. Kuandika kwenye fomu au oda kwamba inahitajika “magazini ya Ceska” ni sawa na kumwambia fundi gari kwamba unahitaji taa ya Toyota. Jina kamili la toleo, kama lilivyochongwa kwenye bastola, ndilo linaloweza kumsaidia muuzaji.

Magazini inayooana kwa vipimo inaweza bado kuwa duni. Baada ya vikosi vya Marekani kuingia Iraki mwaka 2003, wanajeshi walilalamika kwamba bastola zao aina ya M9, ambayo ni Beretta 92 ya risasi 15, zilikuwa zikikwama. Lawama ziliangukia magazini zilizonunuliwa kwa mkataba wa serikali, zilizokuwa na uso wa fosfeti wenye kukwaruza ambao ulishika vumbi na mchanga wa jangwani, hivyo risasi zikashindwa kupanda. Baadaye zilipelekwa magazini zenye uso laini zaidi. Bastola zenyewe hazikubadilishwa.

Sheria inavyoitazama magazini

Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2005, inafafanua vipuri vya silaha kuwa ni vile vilivyobuniwa mahsusi kwa ajili ya silaha na vilivyo muhimu kwa utendaji wake. Orodha ya mifano inataja mtutu, fremu, sehemu ya juu inayoteleza, silinda na kifunga chemba, pamoja na kifaa cha kupunguza sauti. Magazini haikutajwa kwa jina. Orodha hiyo haijafungwa, na kila nchi ina nafasi ya kuamua, lakini matokeo yake ni kwamba kifaa hichohicho kinaweza kuwa bidhaa ya kawaida upande mmoja wa mpaka na kuwa kitu cha kibali upande wa pili.

Nchi nyingi zilizoidhibiti magazini zimefanya hivyo kwa kuweka ukomo wa idadi ya risasi. Marekani ilipiga marufuku kitaifa, kuanzia Septemba 1994, utengenezaji wa magazini za zaidi ya risasi 10 kwa ajili ya raia. Zilizokuwapo kabla ya tarehe hiyo ziliendelea kuwa halali, na kwa kuwa idadi yake haikuweza kuongezeka, bei yake ilipanda sana. Marufuku hiyo ilikoma Septemba 2004, ila majimbo kadhaa, yakiwemo California na New York, yana ukomo wake wa risasi 10. Magazini ya kawaida ya Hi-Power, ya mwaka 1935, inauzidi ukomo huo kwa risasi 3.

Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya mwaka 2017, uliweka kikomo cha risasi 20 kwa bastola zinazojipakia zenyewe, na kuzitaka nchi wanachama zimnyang'anye kibali mmiliki atakayekutwa na magazini inayozidi hapo bila ruhusa maalumu. Kosa hapo ni kukutwa nayo tu, hata kama haijawahi kuwekwa kwenye bastola.

Kanada, ambako mamia ya maelfu ya magazini za risasi 13 zingeweza kuhesabiwa kuwa urithi wa taifa, inaruhusu raia risasi 10 tu katika magazini ya bastola. Tafsiri rasmi ya polisi wa nchi hiyo ni kwamba ukomo unafuata silaha ambayo magazini iliundwa kwa ajili yake, si silaha ambayo mtu ameamua kuiingizia. Suala la kuoana, ambalo kwa fundi ni suala la vipimo, hapo limegeuka kuwa suala la ushahidi mahakamani.

Katika Afrika Mashariki, Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 imezifunga nchi zilizosaini, Tanzania ikiwemo, kudhibiti na kuwekea alama silaha ndogo na nyepesi, na utekelezaji wake unaratibiwa na kituo cha kikanda cha RECSA chenye makao jijini Nairobi. Nchini Tanzania, umiliki, uingizaji na usafirishaji wa silaha na risasi vinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Raia hapaswi kudhani kwamba magazini, kwa kuwa haina namba, inaweza kuletwa na ndugu anayetoka safarini ikiwa ndani ya begi. Marekani, kwa mfano, huihesabu magazini kuwa bidhaa inayodhibitiwa inapotoka nje ya nchi, na tangu mwaka 2020 vibali vya sehemu kubwa ya bidhaa hizo vinatolewa na Wizara ya Biashara. Msafiri anaweza kuwa amevunja sheria ya nchi anayoondoka kabla hajafika uwanja wa ndege wa nyumbani.

Mwenye leseni anayehitaji magazini ya kubadilisha iliyochakaa ajiridhishe kwanza katika kituo cha polisi kinachosimamia leseni yake, kisha aende kwa muuzaji wa silaha aliyeidhinishwa akiwa na jina kamili la toleo la bastola, kipenyo cha risasi na, inapowezekana, magazini ya zamani ikiwa tupu ili zilinganishwe. Kwenye ubavu wa magazini nyingi kumechongwa jina la kiwanda na kipenyo cha risasi, na upande wa nyuma au ubavuni huwa kuna matundu ya kuhesabia. Magazini isiyo na alama yoyote inahitaji fundi wa silaha aliyeruhusiwa aikague kabla ya kutumika, na ile ambayo midomo yake imepinda hainyooshwi kwa koleo nyumbani.

Magazini ya zamani iliyoondolewa isitupwe jalalani wala isigawiwe. Ikabidhiwe polisi pamoja na maelezo ya bastola ilikotoka, na mmiliki aombe kumbukumbu ya makabidhiano hayo kwa maandishi.